Punje Nyeusi ya Léa

Butembo, 9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Éphraïm,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Lubumbashi? Na kile kikohozi, kimekuachia? Sisi tu wazima, Mungu anatulinda. Mvua haikatiki, barabara ya Musienene ni matope matupu, lakini maharagwe yangu yanafika sokoni hivyo hivyo.

Najua unaruka mistari hii kumtafuta binti yako. Tulia, namfikia.

Tangu tumzike mama yake kule Beni ukamleta kwangu, Léa alikuwa hasemi zaidi ya ndiyo. Basi mwalimu wake, Madame Kahongya, ameanzisha somo la moyo. Nilicheka! Kila asubuhi mtoto anaweka mezani punje moja ya haragwe: nyeupe ana amani, nyekundu ana hasira, nyeusi ana huzuni. Waliombwa kuleta za kila rangi. Nami muuzaji mzima, mtoto wangu abebe mchanganyiko? Nilichambua, nikampa nyeupe tupu, zile ninazopanga juu ya kikapu wateja wazione.

Mwalimu akaniita. "Maman, Léa anaweka nyeupe kila siku, lakini macho yake inalia. Hana ingine ya kuweka."

Akanikalisha nyuma ya darasa. Zamu ya Léa ilipofika, Lusenge, jirani yake wa benchi, alimsogezea punje nyeusi. "Kamata yangu." Léa akaiweka. Hakuna aliyecheka. Watoto wale wale wanaopigania mpira njiani walisogea, wakamkalia karibu. Ndipo akasema, kwa sauti niliyokuwa nimeisahau: "Niko nakumbuka mama." Sisi wakubwa kwenye matanga tunaambiana tu kunyamaza. Hawa wadogo wamejuaje? Mpaka leo nastaajabu.

Jana tukichambua maharagwe jikoni, aliniuliza juu yako: "Tantine, na ya papa iko rangi gani?" Nikamwambia akuulize mwenyewe. Ninyi wanaume wa kwetu hamsemi.

Nisalimie Malachie na mkewe Falonne. Mama mkubwa Sikuli anakuombea kila misa. Mungu akushike mkono popote uendapo.

Jumapili ijayo tutakupigia simu, na Léa ataishika mwenyewe. Mwambie rangi yako, Éphraïm, na usimdanganye kwa nyeupe.

Dada yako akupendaye bila kuchoka,
Marie-Jeanne