Nitapima Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni

Kifurushi kimefika kutoka ng'ambo ya ghuba. Kakileta baharia wa feri, anachekacheka tu. Nimekifungulia juu ya meza ya kukatia nikitegemea karatasi yenye vipimo vya madirisha, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeandika.

Tyubu ya baiskeli! Imechanwa ikawa mkanda mrefu, ina alama za chaki: sebuleni, jikoni, chumbani.

Jamani, mpira! Mpira unavutika! Nikiuvuta kidogo, dirisha la sebuleni ni la nyumba ya kawaida. Nikiuvuta sana, ni la ukumbi wa harusi. Nimeshona mapazia ya watu tangu nikiwa msichana, sijaona kipimo cha namna hii. Nimecheka mpaka mteja aliyefuata mashuka yake kaniuliza kama mimi ni mzima.

Nikampigia Fundi Baiskeli, mwenye madirisha. Baba, umenipimia madirisha au umeniletea manati?

Akasema, basi njoo upime mwenyewe.

Nipime nirudi?

Akasema hapana. Nipime, nishone, nitundike. Nikishatundika, nikae nione kama yananipendeza.

Nimeshika mkasi sikukata kitu. Mjane, miaka hamsini na mbili, miwani imefungwa kwa uzi — nimeposwa kwa tyubu!

Nimesema ndiyo. Harakaharaka, asije akadhani simu imekatika.

Jumanne, 4 Juni

Nimewaambia watoto wangu wawili. Mdogo, binti yangu, karuka kanikumbatia, kamwaga chai. Mkubwa hakuruka. Mkubwa tunamwita Mwenyekiti kwa sababu tangu baba yao afariki, hata sukari ikiisha anaitisha kikao.

Leo kaitisha kikao.

Kwanza: huyu mtu ni nani? Nikamwambia unamjua. Ni yule mgane anayetengeneza na kukodisha baiskeli kule ufukweni, aliyekuja mjini kununua vipuri akapita dukani nimshonee vifuniko vya viti. Akaja tena. Akaja tena. Hakuna mtu duniani mwenye viti vya baiskeli vingi kiasi kile! Ni Mwenyekiti peke yake ndiye hakushtuka.

Pili: watu watasemaje? Nikamuuliza watu gani hasa, anitajie majina niwaalike.

Tatu: feri. Kwa barabara ni kuzunguka ghuba nzima, safari ya kutwa, goti langu haliwezi. Na majini nitatapika, anasema. Hapo kanishika pabaya. Mimi niliwahi kutapika kwenye bembea — tena nilikuwa nambembeleza yeye.

"Kama shida ni vipimo, mama, madirisha nitakwenda kuyapima mimi."

"Madirisha utayapima, mwanangu. Hayo mengine utayapimaje?"

Binti kapaliwa na chai, ile kidogo iliyobaki.

Mwenyekiti hakucheka. Akatazama ukutani, akauliza polepole: na baba?

Picha ya marehemu iko pale juu ya cherehani. Nikamwambia baba yako anabaki palepale, hakuna wa kumtoa. Na mimi naondoka. Yote mawili yanawezekana.

Akainuka, akatoka. Hakufunga hata kikao.

Alhamisi, 6 Juni

Tiketi nimekata. Kijana wa dirishani kauliza, kwenda na kurudi? Kwenda. Mama, kwenda tu? Kwenda tu, mwanangu, mimi na jora la kitambaa. Umesikia vizuri, masikio yako hayana tatizo.

Nimetoka pale nikitembea kama nimeshinda uchaguzi. Goti likanikumbusha kwenye ngazi.

Ijumaa, 7 Juni

Futi yangu ya kupimia haipo!

Haipo msumarini. Haipo chini ya mashine. Haipo shingoni — nimejishika shingo mara kadhaa, maana mimi huyuhuyu niliwahi kutafuta miwani nikiwa nimeivaa.

Ni ile futi ya kitambaa niliyoanzia ufundi. Ncha yake ilichakaa nikaikata, kwa hiyo inaanzia inchi ya nne. Mimi najua. Mkono wangu unatoa zile zilizokosekana bila kuniuliza. Mtu mwingine akiitumia ataharibu nguo ya watu.

Mwenyekiti! Hakuna mwingine. Kaificha ili nisiende. Bila futi fundi atapima nini, ndivyo alivyowaza. Nimempigia, simu imezimwa.

Mwanangu, hunijui. Futi zinauzwa kila duka lakini sinunui, kwa makusudi! Nitapima kwa shubiri. Nitapima kwa ufagio. Ikibidi nitapima kwa tyubu!

Kitambaa tayari. Sanduku tayari.

Jumamosi, 8 Juni

Ndani ya feri. Herufi zinayumba, si mimi.

Binti kanisindikiza gatini. Nikamuuliza kaka yako yuko wapi. Akatazama viatu vyake. Kasema aliondoka jana alfajiri, hakusema anakwenda wapi. Basi, kanuna. Hata kuniaga! Nikampa binti funguo za duka, nikampa shavu, nikapanda ngazi bila kugeuka. Nilitaka kugeuka. Jora lilikuwa begani, ningemwangusha mtu.

Mji umebaki nyuma. Ghorofa zimekuwa kama vifungo vilivyoshonwa ukingoni mwa maji. Jirani yangu, mama mmoja mnene mchangamfu, kanitazama usoni akanikabidhi mfuko wa plastiki kabla sijaomba. Kauliza ninakwenda kutembea? Ninakwenda kuolewa, nikasema, kwa sauti kuliko nilivyokusudia. Viti vitatu vikageuka. Mama akapiga makofi. Mzee wa mbele akauliza, na huo mfuko ni wa bwana harusi?

Nikacheka. Halafu nikautumia.

Baadaye. Nimetapika tena na bado niko hai. Mwenyekiti, andika hilo kwenye kikao chako! Mama uliyesema hawezi bahari anaiweza — vibaya, lakini anaiweza.

Gati la ng'ambo linaonekana. Nimesimama kwenye reli ya sitaha, daftari juu ya jora. Namwona Fundi Baiskeli! Kachomekea shati. Kaleta baiskeli yenye keria kubwa ya mizigo nyuma, bila shaka kwa ajili ya kitambaa, labda na mimi.

Pembeni yake kuna mtu mrefu. Mabega yale nayajua. Niliyavalisha sare za shule.

Mwenyekiti! Kazunguka ghuba nzima. Na shingoni — futi yangu. Kaivaa kama ninavyoivaa mimi, ncha mbili zinaning'inia kifuani.

Wanabishana. Mwenyekiti kapanua mikono, anaonyesha upana. Fundi anatikisa kichwa, anapunguza ile mikono kwa mikono yake. Mwenyekiti anaipanua tena. Sasa kaniona. Hapungi mkono. Kashika ncha zote mbili za futi kama mtu atakayenyang'anywa.

Amekuja kunirudisha? Sijui. Uso wake ni uleule wa vikao. Lakini kapima! Kaanzia kwenye ncha iliyokatwa, namjua, na kila dirisha kaliongezea inchi ambazo halina. Mtu anayetaka nisitundike pazia angejisumbua hivyo? Au kapima ili aniambie kazi imekwisha, mama, geuka?

Kamba zimetupwa. Ngazi inashuka. Jirani yangu ananisukuma, nenda bibi harusi, nenda!

Nakwenda. Naichukua futi yangu na madirisha yanapimwa yote upya, kuanzia sebuleni. Na ncha ya pili ataishika Mwenyekiti, atake asitake.