Gia ya Mninga

Mtani,

Mashine yetu ya gemu imekwisha kutengenezwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya habari za watoto. Sanduku limesimama kwenye chumba chako cha ufundi pale Kashaulili, mahali palipokuwa na meza ya redio mbovu. Kimo chake kinanifika kifuani. Televisheni yako ndogo ya nyeusi na nyeupe nimeiingiza ndani, imeinamishwa kidogo kama ulivyochora, na betri ya gari iko chini, nyuma ya mlango wenye bawaba. Rangi sijapaka. Mninga haupakwi rangi, na hilo tulikubaliana, jambo la ajabu kwetu sisi.

Tulichogombania ni pale pa kushikia. Mashine ya gemu ilikuja na treni ikiwa na pedi zake mbili, vile vidude vya plastiki vya kukamata kwa mikono miwili, gumba la kushoto likibonyeza pa kutembelea na la kulia pa kurukia. Mimi nikasema kazi imekwisha, tutoboe tundu mbili, tupitishe waya, watu wacheze. Wewe ukasema pedi hapana. Ulitaka gia ya mti isimame juu ya sanduku kama ya lori, na pembeni yake swichi mbili za honi ya pikipiki. Nikakuambia hiyo si gemu, hilo ni gari bovu. Ukanijibu kwamba sisi watu wa Ugalla tunakula asali pamoja na nyuki wake, ndiyo maana kitu kizuri hatukijui. Nami nikasema mtu wa Ikola anayenuka dagaa hata siku ya Krismasi asinifundishe uzuri. Makabila yetu yanataniana tangu kwa mababu, na sisi wawili hatukuwahi kupumzika.

Siku moja nikaacha utani, nikakuomba sababu moja tu ya maana. Ukapuliza moshi wa risasi uliyokuwa ukiyeyusha kwenye waya, ukasema, "Sababu ninayo," ukaendelea kulehemu. Nilikasirika kwelikweli. Nikakaa siku tano bila kupita kwako. Ya sita nikasikia una homa, na wiki haikuisha ukawa umetutoka.

Msibani niliuaibisha utani. Unajua kazi ya mtani: avae shati la marehemu, aigize mwendo wake na maneno yake, alale njiani jeneza lisipite, mpaka wafiwa wacheke hata kama hawataki. Watu walikuwa wakinisubiri mimi. Na kila mtu hapa Mpanda anajua kwamba kukuigiza wewe kunaanzia mkono wa kushoto, ule usio na gumba, ulivyokuwa ukibana bisibisi katikati ya vidole viwili. Mjomba wako alinigusa bega mara mbili. Sikuinuka. Nilikaa kwenye mkeka nikitazama miguu ya watu. Mkeo, Mama Neema, alinitazama mara moja akageuza uso.

Hakujua. Hakuna aliyejua, kwa sababu uliwaambia wote kwamba ulijikata mwenyewe. Sasa acha niandike ilivyokuwa. Uliingiza mkono kwenye msumeno wangu wa mashine kurekebisha mkanda, nami nikawasha jenereta bila kuita. Mtu huita, "Toa mkono," akangoja ajibiwe, ndipo awashe. Hata aliyeanza kazi jana anajua. Hospitali walipokuuliza ukasema ulifanya uzembe. Kwa miaka sita baada ya hapo ulinitania mbao zangu, ndevu zangu, mapishi ya mama yangu, lakini gumba hukuligusa hata siku moja. Nikadhani kunyamaza kwako kumemaliza habari. Nikasahau, mtani. Wewe ulikuwa unafunga vifungo vya shati kila asubuhi kwa mkono wenye vidole vinne, na mimi nikasahau.

Baada ya arobaini Mama Neema aliniita. Alisema sanduku lisibaki nusu, nilimalize, ataliendesha mwenyewe. Nikamuuliza, pedi au gia? Akasema, "Shemeji, nyie ndio mlikuwa mnagombana. Chagua wewe."

Nikachagua pedi. Nakuambia ukweli, wala sikusita. Keekee nilikuwa nayo mkononi tayari kutoboa, nikaona kwanza nijaribu pedi yenyewe kama inafanya kazi. Ilifanya. Nikacheza hadi kijitu cha kwenye kioo kikavuka mto. Halafu nikajiuliza wewe ungecheza vipi, kwa sababu mashine hii uliitengeneza nawe ucheze, si kwa ajili ya watu tu. Nikakunja gumba la kushoto ndani ya kiganja, nikashika pedi hivyo. Kijitu hakikwenda popote. Kilirukaruka palepale mpaka kikafa. Nikajaribu kubonyeza kwa kidole cha shahada, pedi ikaniponyoka ikaanguka sakafuni. Ndipo nikaielewa sababu yako, na kwa nini usingeweza kuniambia. Nilikaa chini kwenye takataka za randa nikalia.

Kwenye droo yako niliikuta gia ya majaribio: mpini mfupi, vibati vinne vya tochi kuuzunguka, na kipande cha tyubu ya baiskeli cha kuurudisha katikati. Nikaiunga. Nikisukuma kulia, kijitu kinakwenda kushoto. Nilikuwa nimefunga waya kwa kutazama mpini, nikasahau kwamba mpini ukilala kulia, mguu wake chini unakwenda kushoto. Kwa kosa hilo ungenisema mwaka mzima. Nikahamisha waya, nikakunja tena gumba, nikasukuma kwa kiganja. Kikatembea. Kikapanda ngazi.

Nikaendelea hivyo, gumba limekunjwa, bisibisi imebanwa kati ya vidole viwili, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama wako, nikijigombeza mwenyewe kwa ile lafudhi yenu ya ziwani. Sikujua kwamba Mama Neema amesimama mlangoni na birika la chai. Alicheka, mtani. Alicheka mpaka akaliweka birika chini.

"Kumbe mtani ndiyo kwanza anafika msibani," akasema.

Ningeweza kuishia hapo, tukanywa chai. Nikamwambia kuhusu jenereta. Nilimwambia yote, nikiwa bado nimekaa kwenye kiti chako. Akaacha kucheka. Akachukua birika lake akatoka, na chai haikuwa imemiminwa.

Siku tatu hakuja. Nilizitumia kuchonga gia mbili za kweli, maana wachezaji ni wawili. Juu nimeweka tufe kubwa la kujaa kiganjani, si dogo kama ulivyochora, kwa sababu dogo linadai vidole. Nimelipiga msasa mpaka likateleza, nikalikwaruza tena kidogo ili jasho lisilishinde. Swichi za honi nimezipanga kwa kuinama kufuata mkono ulivyo. Huyo fundi wa pikipiki jirani yako bado anauliza kama gemu letu litapiga honi.

Siku ya nne akaja na shati lako la kijivu, lile lenye kitundu cha cheche kwenye mkono. Alikuwa amelifua na kulipiga pasi. Akaliweka juu ya sanduku.

"Hili ni la mtani," akasema. Kisha akavuta kiti, akaniambia nimfundishe gia.

Nimelivaa ninapokuandikia. Linanibana mabegani, maana ulikuwa mwembamba kama dagaa wa kwenu. Nisamehe gumba lako. Nilikuwa na miaka sita ya kukuomba hilo uso kwa uso, sikuomba, na aibu hiyo naibeba.

Lala salama, mtu wa Ikola. Nakuachia ahadi moja. Watu watakuja kucheza hapa, na lazima mmoja atauliza kwa nini tumehangaika kuchonga mti wakati pedi zipo. Sitasema mtani wangu alikuwa mbishi. Nitamwambia niliwasha bila kuita.

Mimi mtani wako,
Kasiani, seremala