Neno la Shemeji Kwenye Kitambaa cha Kiti

Kitendaguro,
S.L.P. 187,
Bukoba.
11 Desemba 1988

Mpendwa dada Skolastika,

Nakusalimu kutoka huku kwenye mvua na senene. Hujambo wewe, na shemeji Kristofa hajambo? Kile kifua chako kimepona, au baridi ya Njombe bado inakitesa? Mimi ni mzima, dada, mzima kuliko nilivyopata kuwa tangu nizaliwe. Miezi minne ya ndoa imeninenepesha. Asubuhi Buberwa huchemsha uji yeye mwenyewe kabla ya kufungua karakana, nami hujifanya nimelala ili nimsikie akinyata asiniamshe. Sikujua kwamba mtu anaweza kuipenda sauti ya sufuria.

Lakini barua hii ni ya kumsema shemeji yangu Ndyamukama, kaka mkubwa wa Buberwa, na nitamsema mpaka karatasi iishe.

Unawajua watu wetu tunaowaita nshomile, wale waliosoma hadi wakashindwa kunyamaza. Huyu ni mfalme wao. Alikaa Kampala miaka mitatu kabla ya vita, akarudi na miwani na tai mbili. Cheti hajapata mtu kukiona. Sasa ana mitumbwi kwenye visiwa vya Muleba, na ukimwita mfanyabiashara wa samaki anakusahihisha kwamba yeye ni mkurugenzi.

Alitutembelea mwanzoni mwa Novemba. Alitaka Buberwa aache useremala, akakae kisiwani mwaka mzima kusimamia ununuzi wa samaki. Mimi nibaki, kwa sababu kisiwani si mahali pa mke. Msimamizi wake wa kwanza, Yunus, tulimzika Machi. Aliyemfuata tulimzika Agosti. Wote wawili waliuawa na UKIMWI, ugonjwa huu ambao huku tuliuita Juliana, na jeneza la huyo wa pili Buberwa ndiye aliyelipigilia misumari. Ndyamukama aliwataja kana kwamba wamehamishwa kikazi.

Mchana huo nilikuwa nimekaanga senene. Desturi unaijua: mwanamke awakamate, awanyonyoe mabawa, awakaange, kisha mume ale peke yake. Buberwa akachota kwenye sahani yake, akanitilia mkononi mbele ya kaka yake. "Aliyenyonyoa naye aonje," akasema. Halafu kuhusu kisiwa akasema hapana, hawezi kukaa mwaka mzima mbali na mke aliyemuoa juzi.

Shemeji akavua miwani, akaifuta. "Mdogo wangu," akasema, "wewe ni uxorious. Uxorious kabisa."

Dada, kidato cha nne changu chote sikuwahi kukutana na neno hilo. Nikamwuliza maana yake.

"Ni sifa ya mumeo, shemeji. Waume wa namna hii ni adimu." Akaniandikia nyuma ya pakiti ya sigara, kwa herufi kubwa, huku anatabasamu. Nami nikapiga magoti nikamshukuru. Magoti yangu yananiuma hadi leo nikikumbuka.

Kisha nikalidarizi. Kile kiti kikubwa alichokitengeneza Buberwa kwa ajili ya harusi yetu nilikitafutia kitambaa cheupe, nyuzi nyekundu, maua mawili pembeni, na katikati UXORIOUS. Kazi ya siku nne. Buberwa alikuwa akiwaingiza wateja sebuleni wakione. Nusu ya Kitendaguro ilisimama mbele ya kiti hicho ikitusifu.

Ndipo akaja Mzee Lameki, yule aliyestaafu ualimu wa Kiingereza, kuagiza mlango. Alisoma, akakohoa, akatazama dirishani. Nikamwuliza kama nimekosea herufi. "Hujakosea hata moja, mwanangu," akasema. "Nenda maktaba mjini ukalitafute mwenyewe. Mdomo wangu umekataa."

Nilikwenda kwa miguu, nikafika nimelowa. Kamusi inasema ni mwanamume ampendaye mkewe kupita kiasi na kumnyenyekea. Nikafungua kamusi ya pili: hutumika kwa dharau. Hutumika kwa mume peke yake. Nikatafuta neno la mke ampendaye mumewe kupita kiasi, nikafunua kurasa hadi mtunza maktaba akaanza kunitazama vibaya, sikuliona. Na hicho kiasi chenyewe, nani alikipima? Inaelekea Waingereza nao wana akina Ndyamukama wao, tena ndio waliopewa kamusi waandike.

Nilidhani Buberwa atacheka. Hakucheka. Alikaa akisugua kidole alichowahi kukipiga nyundo, akawakumbuka mmoja mmoja wateja aliowaonyesha kile kiti. Mwisho akasema atakwenda kisiwani. "Mwaka mmoja tu, Kezia. Watu wasiseme nimekaliwa na mke."

Nikachukua wembe nifumue. Nilipomaliza herufi ya kwanza mkono ukagoma. Nikamwambia, "Tangu Pasaka tumezika wanaume sita wa ukoo wenu. Nitajie mmoja aliyeitwa neno hili." Alirudi karakana, nikasikia randa ikilia mpaka jioni. Mimi nikatunga uzi mwekundu, nikairudishia ile U.

Jumamosi ya tarehe tatu Ndyamukama alikuja kumchukua. Mfuko wa nguo wa Buberwa ulikuwa mlangoni, nimeupanga mwenyewe kwa machozi. Nikamkaribisha shemeji kwenye kiti kilekile. Akaona kitambaa, akacheka hadi miwani ikateleza. "Bado mnacho?"

"Bado, shemeji. Maana yake nimekwishaisoma."

Kicheko kikakatika. Buberwa akatoka chumbani, akautazama mfuko, akamtazama kaka yake. Akauinua, akaurudisha ndani, akatoka mikono mitupu.

"Kaka, umesema kweli, mimi ni huyo. Tafuta msimamizi ambaye si huyo."

"Wapo wengi," akasema Ndyamukama.

"Walikuwa wengi," Buberwa akajibu.

Shemeji aliondoka bila kuaga, na senene wangu wabichi wa kupeleka kwake alikumbuka kuwabeba. Nasikia mjini anaeleza kwamba ndugu yake hana elimu. Aeleze. Buberwa hajamaliza hata kuupiga randa mlango wa Mzee Lameki, na jana alinichotea tena kwenye sahani yake, mlango wa mbele ukiwa wazi.

Ndani ya bahasha kuna kitambaa cha pili, neno lilelile. Mtazame shemeji Kristofa kwa wiki nzima. Akistahili, kitandike kwenye kiti chake. Asipostahili, fumua, uzi ni mzuri.

Mama anakusalimu, jirani yetu Bernadina anakusalimu, na mwanawe Mihayo anauliza lini utakuja. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na kila anayerudi kwake jioni.

Mdogo wako akupendaye kupita kiasi,
Kezia Kokubanza