Maji ya Kahawia Chooni

Mwenzangu, leo nimeumbuka. Nimekaa stoo.

Si unayajua maji ya vyoo vya kazini yalivyo ya kahawia? Miezi saba mimi nayavuta mara tatu tatu kila choo ninachosafisha, nikidhani ni machafu. Kumbe ni ya mvua, yanakingwa paani!

Leo wageni wamekuja kukagua jengo letu, eti linatunza mazingira. Wakakuta tangi la maji hayo linakaribia kukauka; wakauliza, nikasema navuta mara tatu.

Bosi akanifokea mbele yao: "Mama, kumbe ni wewe! Hukujua?"

Nikasema, "Bosi, aliyeniambia ni nani?"

Nikajua kazi imekwenda, na ndiyo inayolisha watoto tangu marehemu baba yao atuache.

Mungu mkubwa, nimepewa tangazo tu nibandike: VUTA MARA MOJA.

Aliyetangulia kuingia chooni ni bosi mwenyewe. Mimi nipo mlangoni na dekio.

Kavuta mara mbili.