Kichwa Juu ya Lango la York

Jumatatu, 8 Oktoba 2018
Nimeshona hadi mgongo umekataa. Sketi za kwaya, zipu mbovu. Neema ana kazi ya shule: ajenge mji wa kale kwa maboksi. Amechagua York, Uingereza. Katika miji yote ya dunia! Ndiko aliko baba yake na Solange. Solange huyo huyo niliyempokea chumbani kwangu hapa La Rochelle, mtaa wetu huku kusini mwa Afrika, alipotoka Bukavu, nikamlaza kwenye godoro langu. Nawachukia wote wawili. Hata huo mji nauchukia.

Alhamisi, 18 Oktoba
Neema anasoma, mimi nakata boksi. Kanisa kuu lao lilijengwa kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1984, kabla sijaolewa, paa la upande mmoja likaungua. Wanasema ni radi. Nimecheka peke yangu. Kuna kichochoro cha wachinjaji, nyumba zimeinamiana juu mpaka zinakaribia kugusana. Ukuta wa mawe umezunguka mji, una malango. Kwenye lango la barabara ya London walitundika vichwa vya wasaliti, viozee pale, kila mpita njia aone.
Nikamwambia arudie hapo. Watu wenye akili, hao.

Jumapili, 4 Novemba
Baba yake anamtaka kwa Krismasi. Tiketi tayari. Nimebaki mimi: niende polisi, niape kwamba nakubali mtoto asafiri, wagonge muhuri. Siendi. Mchungaji ameniomba nisamehe. Yeye mke wake yupo nyumbani, anamsongea bugali.
Miaka yote hii nimesubiri huyo mwanaume ahitaji kitu kutoka kwangu. Sasa anahitaji. Raha iliyoje.

Jumanne, 13 Novemba
Mji umekamilika. Umependeza, sikatai. Neema alipokwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua gundi nikaongeza kitu juu ya lango. Kichwa. Nimekijaza pamba, nimekishonea macho, ngozi yake ni lile shati la bluu alilolisahau baba yake.
Neema amerudi, akasimama. Huyu mtoto hunijibu kwa Kiingereza siku zote. Leo kasema, "Mama, huyu ni Papa."
Akachukua mkasi wangu, akakata uzi polepole, akakitia kichwa mfukoni mwa sare yake. Nikamwambia hata akilala nacho, polisi siendi.

Alhamisi, 6 Desemba
Neema haombi tena nimwache aende. Wiki nzima alikuwa akiomba. Mume wangu, sijui nimwiteje sasa, amepiga simu mpaka betri imekwisha. Sikupokea. Na alie.

Jumamosi, 15 Desemba
Ndege iliondoka jana. Nimeshinda.
Nimepika sombe ya majani ya muhogo na samaki, chakula anachokipenda Neema. Amekula chote. Ameosha sahani yake, ameosha na yangu. Kisha amesimama mlangoni, mikono nyuma, akasema asante sana kwa chakula.
Hajawahi kunishukuru kwa chakula. Hivyo ndivyo wageni wanavyoshukuru.