Gari Iliyokatwa Springi

Jumamosi, Septemba 1988

Na hata hakuniuliza! Mume wangu ameenda kwa fundi huko Kabati, akamwambia akate springi za stesheni wagon yetu kuukuu, ili ikae chini kama gari za vijana wa Nairobi. Mtu mzima, baba wa mtoto!

Leo tukienda soko Ikutha, tumbo la gari likakwama kwenye mchanga wa mto mkavu. Mimi na mimba yangu ya miezi minane nikashuka, nikasukuma pamoja na wachunga mbuzi. Yeye ameshika usukani, eti, "Mama Kioko, sukuma polepole."

Polepole!

Mto huo huo ndio tutavuka kwenda hospitali Mutomo siku yangu ikifika. Naogopa. Mtoto hatangoja gari isukumwe.

Jioni nikamwambia arudishe springi. "Zikishakatwa hazirudi," akasema, "lakini si imekaa vizuri?" Halafu akaniletea kipande kimoja kilichokatwa, kama zawadi, eti kitazuia mlango usijifunge.

Nimekiweka kitandani, upande wake, chini ya shuka.

Namsikia anavua viatu.