Gari Inayolala Ikiangalia Chini

Kiptere, asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, ama bado unajikokota kwenda kukama? Sisi huku tuko, ila mimi sijatulia hata kidogo. Najua simu huisikii vizuri, na ukikosa neno moja unalala na wasiwasi, ndiyo maana naandika, ndugu yangu Kamau akusomee polepole.

Daktari alituambia mtoto amelala kingamo tumboni. Mke wangu Chebet akisikia uchungu, hata kidogo, apelekwe hospitali Kericho mara moja. "Muko na gari?" akauliza. Nikajibu kwa kifua, "Tuko nayo!" Mama, hiyo gari ya marehemu Baba ilikuwa inakufa kila usiku na mimi sina habari.

Unajua huku ni milima. Kila mwenye gari kuukuu huiegesha ikiangalia bonde. Asubuhi unaachilia breki, inateremka yenyewe, unatia gia ya pili, inashtuka na kuwaka. Nilizoea hivyo mpaka nikasahau kazi ya ufunguo. Halafu mvua ikaja. Nikaachilia breki, tairi zikateleza kwa matope, injini haikushika, nikaishia ndani ya majani chai ya jirani. Chebet alikuwa mlangoni, mkono tumboni, akiangalia. Afadhali angenitukana.

Nikaweka betri mpya, nikaona nimemaliza. Wapi! Nayo ikafa. Nikamwita Koech, fundi wa umeme hapa sokoni. Akachomoa waya mmoja wa betri, akaunganisha kibalbu kidogo kati ya waya na betri.

"Umezima kila kitu?"

"Nimezima."

"Sasa hii inawashwa na nani?"

Kibalbu kilikuwa kinawaka, Mama. Gari imezimwa, na bado kitu kilikuwa kinanywa betri. Akaanza kutoa fyuzi moja moja. Alipotoa ya taa za ndani, kikazima. Tukaangalia taa ya juu: iko sawa. Za milango: sawa. Nilianza kukata tamaa. Chebet alikuwa ameketi kiti cha nyuma kwa sababu ya miguu kufura. Akanyoosha mkono nyuma kuchukua leso yake, akasema, "Mbona hii plastiki iko na joto?"

Woi! Ni mimi niliitandika huko nyuma, majani chai yasilowanishe gari. Msimu wa majani mengi hubeba magunia ya mama mkwe mpaka kituo cha kununulia, yakijaa kupita kiasi nafunga mlango wa buti, huko nyuma pa mizigo, kwa kamba, kama kila mtu huku. Magunia yalikuwa yamepinda swichi ya mlango huo, ile inayozima taa ukifungwa. Taa ya buti ilikuwa inawaka mchana na usiku chini ya hiyo plastiki, na hakuna mtu angeiona.

Koech akanyoosha swichi, akachaji betri. Chebet akaniambia, "Kama imepona, leo ilale mahali tambarare."

Mama mkwe akashika kichwa. "Gari ya hapa hulala ikiangalia chini! Mnajaribu Mungu?"

"Na kwa haya matope, mama, mteremko utatusaidia nini?" Chebet akamjibu.

Nikaiegesha tambarare. Sikupata usingizi. Sasa kumekucha, chai imepoa, ufunguo uko hapa mezani na ninaogopa kuushika. Nikijaribu ikatae, nitamwambia nini? Ngoja, Chebet ananiita. Hajawahi kuniita hivyo.

Mama, sasa ni jioni, naendelea kuandika kwenye benchi ya hospitali. Asubuhi ufunguo ulinianguka kwanza. Mama mkwe alikuwa nyuma amemshika Chebet, anaomba kwa Kikipsigis bila kupumua. Nikazungusha. Iliwaka, Mama! Iliwaka mara moja, na nikalia kama mtoto mpaka lami.

Nisalimie Kamau na mke wake, shangazi wa kwaya, na yule jirani anayekukatia nyasi. Mwambie Kamau asifunge buti kwa kamba.

Chebet alifanyiwa upasuaji, ameamka, anaomba uji. Mtoto ni msichana na sauti yake inasikika mpaka geti. Mama mkwe ameniuliza tutatafuta jina lini. Nikamwambia kwetu hatutafuti, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, lilikuwa linangoja. Kwa hivyo pona huo mguu haraka. Wambui mdogo atataka kubebwa na mwenye jina.

Mwanao,
Mwangi